Msaragambo wa Vyuma

Kilikuja kwa basi la alfajiri kutoka Tanga,
ndani ya boksi lililofungwa kwa khanga kuukuu
na dada yangu wa Barabara ya Kumi na Tano,
aliyeandika juu yake kwa kalamu nene: VYOMBO, TARATIBU.
Kondakta alikipakata toka Lushoto hadi Mtae
akidhani ni sahani za harusi.

Si sahani. Ni sinia moja tu, jeupe, bapa,
lisilojua ubwabwa.
Nikaliegemeza kwenye jiwe la kunolea majembe,
nikaunga waya kwenye betri ya pikipiki ya marehemu baba,
nikarudi nyuma hatua tatu
kama mtu aliyetega panya.

Mama akatoka jikoni na mwiko.
"Sasa hiki kinaongea na nani?"
"Na chuma, mama. Kiko juu, kinapita."
"Kinapita, hakisimami?"
"Hakisimami. Dakika chache kimezama nyuma ya mlima,
kimekiachia kingine, nacho kinakiachia kingine."
Akatazama juu. Mawingu tu, na moshi wake mwenyewe.
"Kumbe msaragambo," akasema,
akarudi kusonga ugali.

Mimi nilikuwa nimesoma kurasa arobaini za maelezo.
Yeye alikumbuka mawe ya shule:
baragumu limelia, kilima kizima kimejipanga
toka korongoni hadi kwenye msingi,
jiwe linapita mikononi, halina mwenyewe,
ila ukichelewesha mkono wako
linamwangukia mtu kwenye dole.

Tangu hapo nafanya kazi.
Naandika hati za makontena ya Rotterdam:
vipuri, kahawa, viatu vya watoto jozi elfu nne.
Meli sizioni.
Femke, bosi wangu, huniuliza kama kwetu kuna joto.
Nimevaa makoti mawili. Najibu: kiasi.
Mama haamini kazi isiyoingiza udongo kwenye kucha,
lakini hela ikiingia kwenye simu
huihesabu mara mbili.

Julai. Ukungu umepanda kutoka nyika ya Mkomazi
na kulala juu ya kabichi.
Matokeo ya kidato cha sita yametoka,
na mnara wa simu wa ng'ambo umekufa tangu Jumanne.
Wakaja. Nakijwa na namba ya mtihani kiganjani,
Hoza fundi cherehani, futi bado shingoni,
na wengine ambao hawana mtoto shule, wamekuja tu.
Wakajaa uani, kimya,
nami mbele yao, na kile kiduara kwenye kioo
kinazunguka, kinazunguka.

Nikakagua waya. Nikakagua betri.
Nikalaumu ukungu.
Nikasema kwa sauti ya mtaalamu: labda ni setelaiti.

Mama akaenda nyuma ya banda.
Akarudi na Karani, paka wetu, kwapani,
macho nusu, tumbo la moto.
Alikuwa amejikunja juu ya sinia tangu usiku,
maana Mtae yote, mwezi huu,
vyenye joto ni viwili: hilo na jiko.

"Mmoja alilala kwenye mstari," akasema.

Ndipo majina yakaanza kushuka.
Nakijwa alimtafuta binti yake kwa kidole,
akampata, akaanza upya toka juu, akampata tena.
Akakaa kwenye majani yenye umande.
Hakulia. Alivua kiatu, akakung'uta kijiwe, akakivaa.

Jioni hati nne hazikuwa zimefika Rotterdam.
Femke akauliza kulikoni.
Nikaandika: paka.
Akadhani Kiingereza kimenishinda.

Sasa Karani ametandikiwa gunia karibu na mafiga
na hataki kulisikia.
Saa nane za usiku nasikia malapa ya mama uani,
anamwinua, anamrudisha ndani,
na kabla ya kufunga mlango
anafuta umande kwenye sinia kwa ncha ya khanga.
"Haya, zamu yako," ananong'ona,
sijui kwa nani.
Natoa mikono nje ya blanketi.